Siku za Kufakamia: Kisa cha Kidonge cha Januari 2015

Ijumaa ya tarehe 30 Januari 2015, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliongeza tumizi jipya kwenye karatasi ya maelezo ya dawa iliyokuwa imeshazoeleka. Dawa hiyo ni lisdeksamfetamini, inayouzwa Marekani kwa jina la Vyvanse. Tangu 2007 madaktari walikuwa wakiwaandikia watoto wenye tatizo la kutotulia na kukosa umakini, na mwaka uliofuata watu wazima wakaruhusiwa pia. Sasa ikaruhusiwa kwa watu wazima wenye ugonjwa wa kufakamia chakula, wa kiwango cha kati hadi kikali. Kabla ya hapo hakuna dawa yoyote iliyokuwa imepata ruhusa hiyo kutoka FDA.

Nimesema kufakamia kwa makusudi. Kwetu mtu wa aina hii ana jina tayari, na si jina la hospitali: mlafi. Mroho. Ulafi tunaufundisha madrasani na kwenye katekisimu, umekaa sentensi moja na kiburi na uvivu, na anayeitwa hivyo haendi kwa daktari. Anaenda kutubu, au anajificha jikoni watu wakishalala. Kufakamia angalau kunaeleza tendo, hakumhukumu mtu.

Na tendo lenyewe lina mipaka yake. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano lililotoka Mei 2013, ndio ulioupa ugonjwa huu nafasi yake kamili. Katika toleo la 1994 ulikuwa umewekwa kwenye kiambatisho, kama mambo yanayosubiri utafiti zaidi. Masharti yake yanasomeka hivi: mtu anakula kwa muda mfupi chakula kingi kuliko ambavyo wengi wangekula katika hali ileile, na wakati anakula anahisi hana usukani, hawezi kusimama. Hutokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Mara nyingi anakula haraka mno, anakula bila njaa, anakula peke yake kwa aibu, anakula mpaka tumbo linauma, kisha anajichukia. Na baada ya hapo hajitapishi wala hamezi dawa za kuharisha ili kufidia. Akifanya hivyo kama desturi, huo ni ugonjwa mwingine, bulimia.

Hayo maneno "katika hali ileile" yana uzito. Aliyemaliza sinia la pilau harusini, au aliyekula futari kwa mkono wa haraka baada ya saa kumi na tatu za kufunga, hana ugonjwa wowote. Ana njaa, au ana sherehe. Ukubwa wa mwili nao hauko kwenye masharti. Wapo wanene wasiofakamia hata siku moja, na wapo wanaofakamia kila usiku na nguo zao hazijabadilika saizi.

Tuingie kwenye kidonge. Lisdeksamfetamini ni deksamfetamini iliyofungwa kamba na laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Ikiwa imefungwa hivyo haifanyi kazi. Ukiimeza inaingia kwenye damu, na humo chembe nyekundu zinaikata ile kamba polepole, deksamfetamini inaachiliwa kidogokidogo kwa saa nyingi. Ndiyo maana humezwa asubuhi; ukiimeza jioni utahesabu boriti za dari hadi alfajiri.

Kwa hiyo, tusizungukezunguke, hii ni amfetamini. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa ameshawaona watu kwenye baraza la mirungi. Kathinoni iliyomo kwenye jani la mirungi, au miraa kwa jirani zetu wa Kenya, ni binamu wa karibu wa amfetamini kwa umbo lake la kikemia. Anayeitafuna jioni anaongea sana, halali, na sahani yake ya wali inarudi kama ilivyokuja. Tukiishia hapo tutadhani kidonge hiki kinafanya kazi kwa kukata hamu ya kula tu. Watafiti wanaamini kuna zaidi ya hilo, kwamba kinagusa pia mifumo ya ubongo inayohusika na msukumo na kujizuia, ileile inayowasumbua wasiotulia. Ni kiasi gani ni njaa na kiasi gani ni usukani, hilo kidonge hakikutenganishii.

Njia ya kufika Januari 2015 ilipitia kwanza jaribio dogo la wiki 11, lililochapishwa mwaka huohuo, ambamo watu walipewa miligramu 30, 50 au 70, au kidonge kisicho na dawa ndani, ambacho nitakiita kidonge tupu. Miligramu 30 hazikuweza kuonyesha tofauti ya kuaminika na kidonge tupu. 50 na 70 ziliweza. Hadi leo kipimo cha 30 ni cha kuanzia tu: unapanda miligramu 20 kila wiki mpaka ufike 50 au 70, na 70 ndiyo mwisho wa ngazi.

Kisha yakaja majaribio mawili makubwa ya wiki 12, yenye watu zaidi ya 700 kwa jumla, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Ukisikia "dawa imefanya kazi" swali la kwanza liwe: walihesabu nini? Hawakuhesabu kilo. Walihesabu siku za kufakamia kwa wiki. Kila mshiriki alikuwa na shajara, akiandika kila siku alichokula na kama alipoteza usukani, na mtaalamu aliipitia shajara hiyo pamoja naye kabla ya siku kuhesabiwa.

Walianza wakiwa na wastani wa karibu siku tano kwa wiki. Waliomeza dawa walipungukiwa na siku 3.87 katika jaribio la kwanza na 3.92 katika la pili, maana yake walibakiwa na chini ya siku moja. Waliomeza kidonge tupu walipungukiwa na siku 2.51 na 2.26.

Rudia kuisoma sentensi hiyo ya mwisho. Watu waliomeza unga usio na kitu walipunguza karibu nusu ya siku zao. Wauza dawa huipita namba hii haraka, na wapinga dawa huishika wakapunga nayo bendera. Mimi naiona kama sehemu yenye faida kubwa kuliko zote katika kisa hiki. Fikiria nini kiliwapata wale watu. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye koti jeupe aliwauliza bila kucheka. Walirudi kliniki mara kwa mara. Waliandika. Ukijua kwamba kesho mtu atasoma shajara yako, mkono unaokwenda kwenye kabati saa sita za usiku unakuwa na shahidi. Hiyo si dawa, lakini si bure pia, na inaweza kupatikana hata mahali ambapo Vyvanse haijawahi kufika.

Hata hivyo dawa iliongeza kitu juu ya hapo. Kipimo cha pili kilikuwa kigumu zaidi: nani alimaliza wiki nne za mwisho bila kufakamia hata siku moja? Katika jaribio la kwanza ni asilimia 40.0 ya waliomeza dawa dhidi ya 14.1 ya wenzao. Katika la pili, 36.2 dhidi ya 13.1. Ukifanya hesabu ya sokoni, watu wanne wakimezeshwa dawa, mmoja anaacha kabisa ambaye asingeacha kwa kidonge tupu. Kwa magonjwa ya akili hayo ni matokeo mazuri. Lakini pia ni kusema kwamba zaidi ya nusu ya waliomeza dawa halisi, kwa kipimo halisi, hawakuacha kabisa.

Halafu kuna swali ambalo kila mgonjwa huuliza akiwa ameshika mlango, anatoka: nikiacha je? Lilijibiwa mwaka 2017. Watafiti waliwachukua watu waliokuwa wameitikia dawa vizuri, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu waendelee nayo, nusu wabadilishiwe kidonge tupu bila kujua, kwa wiki 26. Waliorudiwa na ugonjwa miongoni mwa walioendelea ni asilimia 3.7. Miongoni mwa walioachishwa ni asilimia 32.1.

Tofauti ni kubwa mno, na karibu kila anayeitaja anaitumia kusema "basi usiache". Mimi nawaangalia wale wengine, thuluthi mbili walioachishwa na ambao kwa miezi sita hawakuhesabiwa kuwa wamerudiwa. Tahadhari moja: kurudiwa kulihesabiwa tu mtu alipofikisha siku mbili au zaidi za kufakamia kwa wiki, wiki mbili mfululizo, na hali yake kwa jumla iwe imezorota. Aliyeteleza mara moja kwa wiki hakuingia kwenye hesabu. Hata ukiondoa hao, inabaki kwamba kumeza dawa hii maisha yote hakujathibitishwa kuwa lazima kwa kila mtu, na daktari anayeandika cheti mwezi baada ya mwezi bila kuuliza kama bado kinahitajika anafanya kazi ya karani.

Nani hakuwemo katika majaribio haya? Wenye sonona ya sasa hivi hawakuwemo. Waliokuwa kwenye tiba ya mazungumzo hawakuwemo. Wenye matatizo makubwa ya moyo, waliopita miaka 55, wenye historia ya dawa za kulevya, wote walichujwa mlangoni. Kwa sababu nzuri, lakini ukikaa kwenye kliniki yoyote utawaona haohao wamejaa kwenye benchi: mtu anayefakamia mara nyingi ana sonona, au presha, au vyote viwili. Na mchujo wenyewe hauzibi kila tundu. Katika lile jaribio dogo la wiki 11 mshiriki mmoja alikufa, na ushahidi ulielekeza kwenye kuzidisha methamfetamini.

Hilo la uraibu ndilo lililoandikwa ndani ya boksi jeusi juu kabisa ya karatasi ya dawa, onyo kali kuliko yote ambayo FDA huweka. Kisheria Marekani wameiweka kwenye kundi la pili la dawa zinazodhibitiwa, pamoja na mofini. Chini ya boksi hilo kuna sentensi nyingine ambayo ningependa ipigwe mhuri kwenye kila chupa: dawa hii haikuidhinishwa kwa ajili ya kupunguza uzito.

Kwa nini waliona haja ya kulisema hilo? Kwa sababu Marekani imeshaungua na vidonge vya kukonda. Baada ya Vita Kuu ya Pili amfetamini zilimezwa na mamilioni ya watu kwa ajili ya kiuno, na zikaacha nyuma waraibu ambao hawakuwahi kukanyaga kijiwe cha dawa za kulevya, mama wa nyumbani na makarani. Mwaka 1997 fenfluramini ikaondolewa sokoni ilipobainika inaharibu vali za moyo. Sibutramini ikaondolewa 2010, nayo kwa ajili ya moyo. Kila mara ilianza na watu wachache wagonjwa kweli na ikaishia kwa kila aliyetaka kuvaa nguo ya zamani.

Na uzito ulipungua, hilo lisifichwe. Katika lile jaribio dogo waliomeza 50 au 70 walipoteza karibu kilo tano kwa wiki 11, wenzao wa kidonge tupu hawakupoteza kitu. Sasa hebu kuwa mkweli: mtu mwenye aibu ya mwili wake tangu utotoni, akipewa kidonge kinachopunguza siku za kufakamia na kilo vilevile, atahesabu nini? Atapanda mizani. Siku zikiisha na kilo zikibaki, atasema dawa imeshindwa. Siku zikirudi na kilo zikiendelea kushuka, kwa kuwa hali kutwa nzima mpaka usiku ufike na afakamie tena, atasema dawa inafanya kazi. Hapa pana hatari ya kweli, maana kujinyima mchana kutwa ndiko kunakopalilia kufakamia usiku, na kidonge cha amfetamini kinarahisisha sana kujinyima.

Kampuni nayo ilikuwa na hesabu yake. Wakati huo Vyvanse ilikuwa ya Shire, na ilikuwa inaiingizia zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka. Septemba 2014, miezi minne kabla ya idhini, Shire ilikubali kulipa dola milioni 56.5 kumaliza madai ya serikali ya Marekani kuhusu namna ilivyozinadi dawa zake za kutotulia, Vyvanse ikiwemo, bila kukiri kosa. Idhini ilipotoka, kampeni ikafuata upesi, na uso wake ukawa Monica Seles.

Seles hakuwa ameokotwa tu. Tarehe 30 Aprili 1993, akiwa na miaka 19 na ndiye namba moja wa tenisi duniani, alichomwa kisu mgongoni uwanjani Hamburg na shabiki wa mpinzani wake. Mwaka huohuo baba yake, aliyemfundisha mchezo, aligundulika kuwa na saratani, alifariki 1998. Ndani ya miaka hiyo Seles alifakamia, peke yake, usiku, na magazeti yakaandika juu ya mwili wake badala ya kuandika juu ya kisu. Aliyaeleza haya kwa kinywa chake mwaka 2009. Angalia tarehe: alikuwa ameshasema amelishinda tatizo miaka sita kabla ya kidonge kuruhusiwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2015 akalipwa na Shire kuuzungumzia ugonjwa kwenye televisheni. Tangazo la ugonjwa lisilotaja dawa halilazimiki kutaja madhara ya dawa. Ndivyo sheria ya Marekani ilivyo. Basi mtazamaji akasikia jina la ugonjwa, akahimizwa amuone daktari, na kwa daktari dawa iliyoidhinishwa ilikuwa moja tu.

Nina maoni mawili hapo na hayapatani. La kwanza, ni ujanja. La pili, wapo watu walioketi kwenye kochi usiku ule wakasikia kwa mara ya kwanza kwamba wanachokifanya kina jina lisilo tusi, wakalia. Sitaki kuwanyang'anya hilo kwa sababu tu nani alilipia.

Waingereza walichukua njia nyingine. Mwongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, wa Mei 2017, unasema anza na kitabu cha kujisaidia kinachofuatwa kwa kuongozwa na mtaalamu, kisha tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo, ya kikundi au ya mtu mmoja mmoja, na usitoe dawa peke yake kama tiba ya kufakamia. Tiba hiyo inaanza na kitu cha kushangaza kwa urahisi wake: kula kwa saa. Asubuhi, mchana, jioni, na vitafunwa katikati, ili mtu asifike usiku akiwa na njaa ya siku nzima. Na kuandika. Shajara ileile ya kwenye majaribio.

Tuseme sasa mtu mzima anayeishi Minnesota au Texas, wapo ndugu zetu wengi huko, ameandikiwa hii dawa leo. Kabla ya cheti alipaswa kupimwa presha na mapigo ya moyo, na kuulizwa kama katika ukoo kuna aliyeanguka akafa ghafla kijana. Alipaswa kuulizwa kuhusu kipindi chochote cha kutolala kwa furaha iliyopitiliza, kwa kuwa kichocheo kinaweza kuamsha ugonjwa wa akili uliolala. Kuhusu pombe, mirungi, unga. Na hapa asione haya, daktari si mjumbe wa nyumba kumi. Anayetumia dawa za sonona za kundi la MAOI, au aliyeziacha bila kufikisha siku 14, hapewi kabisa. Mama anayenyonyesha anashauriwa asitumie. Mwenye figo zilizochoka sana hapandishwi mpaka 70.

Wiki ya kwanza atakauka kinywa, hilo ndilo linalolalamikiwa zaidi. Usingizi utampaa, moyo utakwenda mbio kidogo, choo kitakuwa kigumu, na wengine huwa na wasiwasi wa kukosa utulivu mikononi. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuzimia, au kuona na kusikia visivyokuwepo si mambo ya kuvumilia hadi miadi ijayo. Vidonge vyenyewe avifungie. Amfetamini kwenye nyumba yenye vijana wa chuo huota miguu, na kumgawia shemeji anayetaka kukonda kabla ya harusi ni kosa la jinai kule, achilia mbali alivyo moyo wa huyo shemeji. Akipanga kuja nyumbani likizo, aulize ubalozi mapema kabla ya kuzitia kwenye begi.

Asubuhi ale, hata kama hana hamu. Anunue daftari la kawaida, na kila usiku aandike kitu kimoja: leo nilipoteza usukani au la. Aipeleke daftari kwa daktari badala ya kupeleka kilo. Akiwa kwenye 50 au 70 na alama hazipungui, karatasi ya dawa yenyewe, ukipita boksi jeusi na mistari ya moyo na presha, inamwambia daktari kwa maneno machache: kama kufakamia hakupungui, acha.